Hoteli ya Pili Isiile ya Kwanza



Sirisia ni mji mdogo wa soko katika kaunti ya Bungoma, baina ya Chwele na mpaka wa Uganda ulioko Lwakhakha. Watu wake ni wakulima wa mahindi, vitunguu, kahawa na tumbaku. Waislamu ni wachache huko, lakini si wageni: tangu misafara ya pwani ilipokuwa ikipitia kwa Nabongo Mumia katika karne ya 19, Uislamu umekuwa na wenyewe katika nchi ya Waluhya. Na katika miji mingi ya bara, alama ya kwanza ya Uislamu anayoiona msafiri baada ya msikiti ni hoteli. Hapo ndipo anapojua kwamba nyama imechinjwa kwa jina la Mwenyezi Mungu, kwamba kuna birika la maji ya kutawadhia, na kwamba pilau hiyo imepikwa na mtu aliyeijua pilau tangu utotoni.

Kwa sababu hiyo, hoteli ya Mwislamu mjini kama Sirisia ikifa, si mwenyewe peke yake aliyepata hasara. Na nyingi hufa. Hazifi kwa kukosa wateja. Hufa kwa sababu ya hoteli ya pili.

Suala hili lililetwa kwetu na familia moja ya huko, ambayo sitaitaja kwa jina. Mzee wa nyumba alikuwa na hoteli moja Sirisia kwa miaka mingi. Alipofariki, mkewe aliendelea kuiendesha, na iliendelea vizuri. Mtoto wa kiume mkubwa alikuwa amekwisha kufungua tawi mjini Bungoma kwa pesa alizokuwa akizichukua kidogo kidogo katika kasha la Sirisia. Wa pili alitaka kufungua Kitale, na benki ilikuwa tayari kumkopesha endapo kiwanja cha hoteli ya Sirisia kitawekwa dhamana. Walikuja kuuliza jambo moja tu: je, mkopo wa benki unafaa kwa sababu ya dharura? Walipoketi, wakaulizwa swali ambalo hawakulitarajia: hoteli hii ni ya nani?

Mama akasema, ni yetu sote. Jawabu hilo ni tamu, na katika nyumba nyingi za Waislamu ndilo linaloleta ugomvi baada ya miaka kumi. Mtu akifa, mali yake haibaki ikielea. Baada ya gharama za mazishi, madeni na wasia, mali ile ina wenyewe waliotajwa na Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nisaa. Marehemu aliacha mke, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Wazazi wake walikuwa wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Basi mke ana thumuni, yaani fungu moja katika manane. Mafungu saba yaliyobaki ni ya watoto, mwanamume akipata sawa na wanawake wawili: kila mtoto wa kiume mafungu mawili, kila mtoto wa kike fungu moja. Hesabu hiyo haikuhitaji hata kalamu. Wale watoto wa kike, wote wameolewa na wako kwa waume zao, walikuwa na mafungu matatu kati ya manane ya hoteli ya Sirisia, na hakuna aliyewahi kuwauliza lolote. Wala sheria ya Kenya haikuwa kizuizi. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, imewaachia Waislamu warithiane kwa dini yao, na Mahakama ya Kadhi imetambuliwa na Katiba.

Nimelitanguliza hili kwa makusudi, kwani wanaoandika juu ya biashara huanza na namna ya kupata mtaji. Mwislamu huanza na swali la mtaji ni wa nani. Huwezi kuweka dhamana kitu ambacho thamani yake kwa sehemu kubwa si yako. Na huwezi kukuza mali ya dada yako bila idhini yake kisha ukamletea khanga wakati wa Idi ukadhani umemlipa.

Lile tawi la Bungoma lilikuwa na utata zaidi. Kijana alikadiria kuwa alichukua shilingi 160,000. Je, zilikuwa mkopo, zawadi au hisa ya hoteli ya Sirisia katika hoteli ya Bungoma? Hakuna aliyeandika. Waswahili wamekwisha kunena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na kabla yao aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, aya ya 282 ya Suratul-Baqara, imeshuka kwa ajili ya jambo hili hili la kuandika deni, liwe dogo au kubwa, na kutaja muda wake, na kuweka mashahidi. Inastahili kutafakari kwamba aya ndefu kuliko zote haikuhusu vita wala miujiza. Inahusu karani.

Wakakubaliana hivi. Mama, wale ndugu wawili na dada wawili wakaridhia kwamba fedha zile zihesabiwe kuwa hisa zao katika hoteli ya Bungoma, kwa kadiri ya mafungu yao. Dada wa tatu akasema yeye anataka haki yake kwa fedha taslimu: thumuni ya 160,000, yaani 20,000, alipwe kwa miezi minne. Kaka mkubwa alinuna kidogo. Lakini haki ni haki hata ikiwa ndogo, na dada yule hakufanya kosa lolote kuidai.

Sasa turudi Kitale. Nilimwomba mama anipe hesabu za mwezi. Hazikuwepo, isipokuwa katika kichwa chake, na kichwa cha mwanamke aliyepika kwa miaka thelathini si kitu cha kudharauliwa. Tukaandika pamoja. Nitabadilisha tarakimu kidogo ili kuwasitiri, nanyi mziangalie kama mfano.

Tuchukulie hoteli inauza shilingi 12,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi: jumla 312,000. Nyama, mchele, unga, mafuta, sukari na maziwa huchukua 6,000 kwa siku, yaani 156,000. Wafanyakazi watano, 60,000. Kodi ya nyumba, 15,000. Kuni, makaa, gesi, maji na umeme, 30,000. Leseni ya kaunti, vyeti vya afya vya wapishi, na sahani zinazovunjika, 3,000. Hubaki 48,000, na hapa ndipo familia nyingi husema: tumepata faida ya 48,000.

La, hamjapata. Mama anayeamka kabla ya alfajiri kukanda unga wa mahamri hajalipwa. Angekuwa ni mpishi wa kuajiriwa, mngemlipa. Mpeni 20,000, na ziandikwe kuwa ni ujira wake, mbali na thumuni yake ya urithi. Hivi ni vitu viwili. Imebaki 28,000. Friji itakufa, jiko litatoboka, sufuria kubwa za pilau zitaliwa na moto. Wekeni 8,000 kila mwezi kwa ajili ya siku hiyo. Faida ya kweli ni 20,000.

Kijana wa Kitale alihitaji 600,000: jiko, meza, friji, rangi, kodi ya miezi mitatu na mtaji wa kuanzia. Benki ilitaka zilipwe kwa miezi 24. Achilia mbali riba, ambayo ni haramu na hakuna dharura yoyote hapa, kwani njaa siyo iliyomtuma kufungua hoteli ya tatu. Gawanya asili ya mkopo peke yake: 25,000 kwa mwezi. Faida ya Sirisia ni 20,000. Kwa hiyo tangu mwezi wa kwanza, kabla ya mteja mmoja kukaa Kitale, hoteli ya Sirisia ingeanza kulipa kwa pesa za nyama. Wiki ya kwanza ingemkopa mchinjaji. Mwezi wa pili ingechelewesha mishahara, nasi tunajua Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyohimiza ujira wa mfanyakazi ulipwe mapema. Mwezi wa tatu nyundo za pilau zingepungua sahanini, na wateja wangeanza kunong'ona.

Kisha kuna mwaka wenyewe. Hoteli ile haiuzi mchana wa Ramadhani, na wanafanya vyema. Basi mwaka wake una miezi kumi na moja. Na katika nchi ya mahindi, fedha hupatikana mavuno yakiingia, kuanzia Oktoba hadi mwisho wa mwaka. Aprili na Mei, mkulima ametia pesa zake ardhini, naye hunywa chai kavu. Benki haina Ramadhani wala masika. Tarehe ya kulipa ni ile ile.

Haya si mambo ya hoteli ndogo tu. Wasomaji wa Mombasa wanaikumbuka Nakumatt. Ilianza kama duka la magodoro Nakuru, na jina lake ni kifupisho cha duka lile. Ikakua mpaka ikawa na matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Ilikuwa ikifungua matawi kwa madeni, na wenye kuiuzia bidhaa walikuwa wakingoja malipo yao mwezi baada ya mwezi; ukichunguza, utaona kwamba unga na sabuni za watu wengine ndizo zilizokuwa mtaji wa matawi mapya. Mwaka 2017 rafu zikawa tupu. Januari 2018 mahakama iliiweka chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe kabisa. Uchumi, iliyoanzishwa mwaka 1975, ilikuwa imekwisha kufunga milango Juni 2006, ikafufuliwa kwa msaada wa serikali, kisha ikatoka tena nje ya mipaka, na mwaka 2015 ikalazimika kufunga matawi yake ya Uganda na Tanzania. Mtu aumwe mara mbili na nyoka wa shimo moja! Tuskys nayo ikafuata njia hiyo hiyo kuanzia 2020.

Na huko huko Kitale kuna mfano mwingine ambao watu wa kaskazini mwa Bonde la Ufa wanaupita kila siku. Duka la Khetia's lilianzia Kitale, na jina la kampuni yake, Khetia Drapers, bado linatukumbusha kwamba mwanzo wake ulikuwa vitambaa. Halikukimbilia Kampala wala Dar es Salaam. Limekwenda Bungoma, Kakamega, Busia, Eldoret: miji ambayo mwenye duka anaweza kutoka asubuhi akaikagua na kurudi kulala kwake. Wenyewe si Waislamu, na sijui daftari zao. Ninachosema ni kile kinachoonekana barabarani. Umbali huo una hekima yake.

Kwa upande wa hoteli zenyewe, Java House ina mafunzo ya namna nyingine. Ilianza mwaka 1999 Nairobi, pale Adams Arcade, kama mkahawa mmoja wa kahawa. Miaka kumi na mitatu baadaye, mwaka 2012, waasisi wakauza sehemu kubwa ya hisa kwa kampuni ya uwekezaji iitwayo Emerging Capital Partners. Mwaka 2017 ikanunuliwa na Abraaj ya Dubai, na mwaka uliofuata Abraaj yenyewe ikaporomoka kwa kashfa ya matumizi ya fedha za wawekezaji. Mwaka 2019 ikaenda mikononi mwa Actis. Angalia jambo hili: mwenye mali alianguka, na jikoni moto haukuzimika, kwa sababu hesabu za mkahawa zilikuwa mbali na hesabu za mmiliki wake. Katika hoteli zetu ni kinyume. Harusi ya binti hulipwa kwenye kasha la hoteli, karo ya shule hulipwa hapo, na mgonjwa akilazwa, mchele wa kesho ndio unaouzwa. Siwalaumu wanaofanya hivyo. Ninajua maisha yalivyo. Lakini chukueni kwa kuandika, na iwe ni deni au ni sehemu ya ujira, isiwe hewa.

Ningependa pia kuwataja KFC, kwa sababu jambo lao lilikuwa la kuchekesha na kusikitisha. Januari 2022 migahawa yao nchini Kenya ilikosa chipsi. Viazi vilikuwa vimejaa nchini, lakini wao walikuwa wakiagiza viazi vilivyokatwa kutoka ng'ambo, na meli zilichelewa. Wakulima wa hapa walikuwa hawajapitishwa katika masharti yao ya ubora. Kutoka Sirisia unauona Mlima Elgon, ambako viazi vinalimwa. Mama yule wa Sirisia aliposimuliwa haya alicheka mpaka akafuta machozi kwa leso. Yeye hununua viazi kwa jirani, na jirani akikosa, hununua kwa jirani wa pili.

Alipoulizwa lakini nyama ya Kitale itatoka wapi, akanyamaza. Ndilo swali zito kuliko yote katika kupanua hoteli ya Mwislamu. Sirisia anamjua mchinjaji, anajua kisu chake. Kitale ataletewa nyama na kijana aliyetumwa na kijana mwingine. Ni kweli kwamba katika machinjio mengi ya Kenya wachinjaji ni Waislamu, lakini kuku wa haraka haraka wa saa sita mchana, wateja wakiwa wamejaa na kuku wamekwisha, hutoka wapi? Tawi lisilo na mtu wa kuaminika katika jambo hili lisifunguliwe, hata mtaji ukiwa tayari. Jina la Kiislamu juu ya mlango ni amana kwa kila msafiri anayeingia.

Je, Mwislamu asikue basi? La hasha. Abdurrahman bin Auf, radhi za Allah ziwe juu yake, alipofika Madina hakuwa na kitu. Ndugu yake wa Kiansari alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Akamwombea baraka, akauliza soko liko wapi. Alianza na jibini na samli, vitu vya kuuza leo na kupata pesa leo, na baadaye akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Masahaba. Na Bibi Khadija, mama yetu, ndiye aliyekuwa mwenye mtaji. Alitafuta mtu mwaminifu wa kwenda nao Sham, na akamtuma mtumishi wake Maisara afuatane naye na ashuhudie. Hakuona haya kuwa na shahidi, ingawa msafiri mwenyewe alikuwa ni Al-Amin.

Hiyo ndiyo mudharaba, na iko wazi kwa kijana wa Kitale. Mmoja atoe mali, mwingine atoe kazi, na faida igawanywe kwa fungu lililotajwa tangu mwanzo: nusu kwa nusu, au theluthi na theluthi mbili. Hasara ikitokea bila uzembe wala hiyana, mwenye mali hupoteza mali yake na mfanyaji kazi hupoteza jasho lake. Mama zangu na dada zangu, mujihadhari na ile desturi iliyoenea ya mtu kukwambia, "Nipe laki mbili, nami nitakupa elfu kumi kila mwezi." Hiyo si biashara. Kiasi kikishatajwa kwa shilingi badala ya kutajwa kwa fungu la faida, na mtaji ukishadhaminiwa, mmeingia kwenye riba, hata mkiandikiana kwa Bismillahi.

Benki zinazofuata sharia zipo nchini tangu mwaka 2008, na zina murabaha: benki hununua friji au jiko, likawa lake, kisha hukuuzia kwa bei ya juu iliyo wazi, ulipe kwa awamu. Ni halali ikifuata masharti yake. Ila halali ni jambo moja na busara ni jambo la pili. Murabaha nayo ni deni, na awamu ya 25,000 haitapungua kwa sababu mkataba una jina la Kiarabu.

Familia ile iliamua kungoja. Kwa faida ya 20,000 katika miezi kumi na moja, hupatikana 220,000 kwa mwaka. Kama wote wenye mafungu wataridhia kutogawana, 600,000 zitatimia kabla ya mwaka wa tatu kwisha. Tawi la Bungoma likianza kuleta chake, huenda ikawa mapema. Kijana wa pili hakupendezwa sana. Amepelekwa Bungoma akae na kaka yake mwaka mmoja, ashike daftari, alipwe mshahara wake. Dada mmoja aliyesoma uhasibu ameombwa apitie hesabu za hoteli zote mbili kila mwezi, naye pia kwa ujira.

Limebaki jambo la zaka, ambalo waliliuliza mwishoni, wamesimama kwa kuondoka. Jengo, majiko, friji na meza havitolewi zaka. Hutolewa katika fedha zilizopo, madeni yanayotarajiwa kulipwa, na vyakula vilivyonunuliwa ili viuzwe: mchele, unga, mafuta, nyama iliyo kwenye friji. Kuni na sabuni hazimo. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mali ya washirika iliyochanganyika huhesabiwa kama mali moja, kwa hiyo Sirisia na Bungoma, kwa kuwa wenyewe sasa ni washirika, vihesabiwe pamoja, isipokuwa fungu la yule dada aliyelitoa lake la Bungoma, ambalo halimo tena huko. Ikifika thamani ya gramu 85 za dhahabu na ukapita mwaka wa Kiislamu, ni asilimia 2.5. Wamechagua tarehe mosi Rajabu. Siku hiyo, baada ya Alasiri, hoteli zote mbili zitafunga kwa saa moja, na kila gunia litapimwa.